Toyota IST ya kuagiza Japani au namba D ya mkononi (iliyosajiliwa na kutumika hapahapa Tanzania), ipi haitakusumbua?

Wengi hapa Dar wanaamini gari ikishuka tu bandarini kutoka Japani ni nzima, ila ikishamilikiwa na Mbongo mmoja basi tayari mkweche. Kwa IST mimi nakataa, inategemea ni IST ipi.

Ile ya mwanzo, ya 2002 mpaka 2007, chukua ya hapahapa. Injini zake, 2NZ ya cc 1300 na 1NZ ya cc 1500, ni ngumu kwelikweli, zinatumia cheni sio mkanda, giaboksi ni ile ya kawaida ya gia 4 ambayo kila fundi anaijua, na spea zake zimejaa Gerezani, kule kwenye maduka ya spea hapa Dar. Ukiagiza unalipa kodi pamoja na ushuru wa uchakavu maana imepita miaka 10, afu unaletewa gari ya umri uleule, mipira imekauka, na kama ilikuwa inaishi Hokkaido kwenye theluji na chumvi ya barabarani chini imeliwa na kutu ambayo kwenye picha huioni ng'o. Ya hapa itakuwa imechoka bushi, boljointi na shokapu, barabara zetu mnazijua, lakini hivyo vinabadilishwa na ukiipitisha kwenye rasta tu unavisikia vinagonga. Shemeji yangu anayo namba C, usajili wa kabla ya D, mpaka leo inakwenda Morogoro na kurudi bila shida.

Kinachoua IST za mjini ni maji. Nenda ukaione asubuhi injini ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta: ukikuta kulanti (maji maalum ya kupoza injini) ya pinki au nyekundu, kaeni muongee bei. Ukikuta maji ya kahawia kama chai ya rangi ondoka, hiyo imeishi kwa maji ya bomba, inawezekana fundi alishaitoa na thamostati (kifaa kinachodhibiti joto la injini), na silinda hedi ishapata moto sana. Iliyopiga taksi za mtandaoni nayo iache hata kama bodi inang'aa, angalia mpira wa pedeli ya breki na siti ya dereva ilivyobonyea, usiamini kilomita za dashbodi.

Sasa ile iliyotoka 2007 kuendelea ni habari nyingine kabisa, hiyo agiza. Nyingi zina CVT, yaani giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za kuhesabu, na CVT inataka oili yake tu, sasa huku unakuta gereji wameimwagia ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, inatembea vizuri kwa muda afu inaanza kutetemeka ikiondoka, na hapo ndo mwenyewe anaitangaza inauzwa. Kule Japani baada ya miaka 3 ya kwanza gari inakaguliwa kisheria kila miaka 2, na karatasi ya mnada inakuonyesha gredi, 4 au 4.5 ni safi, R maana yake ilipata ajali ikarekebishwa, hiyo usiiguse. Ikifika, oili ya CVT kanunue mwenyewe na usimame pale gereji mpaka wamalize kuiweka.