ClamAV kwa seva kuukuu ya Windows Server 2003: uzoefu wangu

Microsoft iliacha kuihudumia Server 2003 tarehe 14 Julai 2015, ila zingali zipo zinazobeba programu ya uhasibu au ya stoo ambayo hakuna anayethubutu kuihamisha. Antivairasi nyingi za leo hazikubali hata kusakinika humo. Ninachotumia ni ClamAV, ya bure, ikikaa kwenye mashine nyingine ya Debian (aina ya Linux) na kuikagua seva kupitia mtandao. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne.

Kwenye Debian, sakinisha clamav-daemon na cifs-utils. Kwenye seva, fungua akaunti yenye ruhusa ya kusoma tu, kisha unganisha folda:

mount -t cifs //10.0.0.5/data /mnt/seva -o ro,vers=1.0,username=mkaguzi

Ukisahau vers=1.0 haitaunganika, kwa sababu Server 2003 inajua SMB1 pekee (toleo la kwanza la njia ya Windows ya kushiriki folda mtandaoni) na Linux za sasa huanzia juu ya hapo. Hiyo "ro" (kusoma tu) nayo usiiondoe. Ikitokea ClamAV imeshuku faili salama la programu yako ya uhasibu, angalau haliwezi kufutwa.

Kukagua:

clamdscan --fdpass /mnt/seva

Bila --fdpass unaweza kuona "Permission denied" mstari baada ya mstari, maana clamd (sehemu ya ClamAV inayofanya ukaguzi wenyewe) huendeshwa na mtumiaji clamav, ambaye huenda hana haki kwenye folda ile. Mashine ipe RAM ya GB 4. Hifadhidata ya virusi peke yake hula zaidi ya GB 1, na inapopakiwa upya clamd hushika ya zamani na mpya kwa pamoja, ndipo mashine ndogo huanguka. Kama RAM ni ya kubana, weka ConcurrentDatabaseReload no ndani ya clamd.conf, ukaguzi utasimama kidogo wakati wa kupakia, basi.

Nyota ya tano imepotelea hapa: faili linalozidi MaxFileSize (kikomo cha ukubwa kwenye clamd.conf) hurukwa kimya kimya, na ripoti inasomeka kama kila kitu ni safi. Humo humo weka AlertExceedsMax yes ili litajwe. Mafaili ya zaidi ya GB 2 hayakaguliwi kabisa. Mafaili ya .mdf (ya hifadhidata) yaliyoshikwa na SQL Server hayasomeki, kwa hiyo kagua nakala ya bekapu badala yake.

Tena, ClamAV ikitumika hivi si mlinzi wa mlangoni. Haoni kilichoko kwenye kumbukumbu ya seva, wala hazuii kirusi kinachoingia sasa hivi. WannaCry, kirusi cha kudai fidia cha Mei 2017, kilipenya kupitia SMB1 hiyohiyo. Kwenye seva sakinisha kiraka cha Microsoft KB4012598, na kwenye fayawoli funga bandari 445 (inayotumiwa na SMB) kwa wote isipokuwa mashine ya ukaguzi na zile chache zinazohitaji folda kweli.

Kabla ya kuamini ripoti yoyote, weka faili la majaribio la EICAR (lisilo na madhara, ila antivairasi hulitambua kama kirusi), herufi 68 tu, kwenye folda ya ndani kabisa. Lisipotajwa, anza kwa kuangalia ruhusa za akaunti ya mkaguzi kwenye folda hiyo.