Karakana iko nyuma ya nyumba, Malindi, joto limezidi: ununue nini kwanza na nini uachane nayo

Kama una karakana ya mbao iliyojitenga na nyumba, kuta za matofali na juu mabati, basi Februari na Machi unazijua. Kaskazi imelegea, kusi bado haijaingia, ikifika saa nane mchana hata mpini wa randa una moto na jasho ladondoka juu ya ubao unaoupiga msasa. Hapo ndo watu wanaanza kuulizia bei ya AC. Mimi nasema AC ngoja kwanza, kwa seremala wa pwani haiko hata nafasi ya pili, na ntaeleza kwa nini.

Anza na paa, manake joto lako lingi latoka huko. Mabati yakipigwa na jua yanachemka na yanakurushia joto kichwani siku nzima, sasa hata ukileta mashine ya nguvu namna gani itakuwa inapigana na paa. Paka mabati rangi nyeupe kwa nje, au weka ile karatasi ya foili inayong'aa chini ya mabati na uache nafasi ya hewa kati yake na bati, usiibandike ikagusana. Ukiweza vyote viwili fanya vyote viwili. Makuti ni baridi zaidi, hilo halina ubishi, lakini karakana ina vumbi la mbao, ina tina, ina vanishi na cheche za grenda, mimi singeweka makuti juu ya vitu hivo kamwe.

Sasa mashine. Ya kwanza kwangu ni feni ya kuvuta hewa nje, ile ya chuma inayotobolewa ukutani juu karibu na paa. Hewa ya moto hupanda, kwa hivo feni ikiwa juu inaitoa ile ya moto kabisa, na dirisha la chini upande wa pili linaingiza hewa mpya. Huku kwetu kuna bahati moja, kaskazi yaja kutoka kaskazini mashariki na kusi yaja kutoka upande wa kusini na kusini mashariki, zote mbili zina upande wa bahari ndani yake, kwa hivo feni itobolewe ukuta wa bara na madirisha ya kuingizia yawe upande wa baharini, itakufaa misimu yote miwili. Ukiiweka upande wa baharini feni inasukumana na upepo na hewa inarudi ndani, hili nimeliona karakana nyingi na mwenyewe analalamika eti feni ni mbovu.

Saizi usinunue kwa macho. Piga hesabu: urefu mara upana mara kimo. Karakana ya mita 6 kwa 5 na kimo cha mita 3 ni mita za ujazo 90. Kwa joto letu lenga hewa yote ibadilike kama mara 20 kwa saa, hiyo ni mita za ujazo 1,800 kwa saa, na kama kibandiko kimeandikwa CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, basi tafuta karibu 1,060. Muuzaji akikwambia "hii ni inchi kumi na mbili inatosha" mwambie akuonyeshe kibandiko, inchi ni upana wa feni tu, haikwambii yavuta hewa kiasi gani.

Angalia pia mota. Chukua iliyofungwa mwili mzima, isiyo na matundu, yenye alama ya IP54 au IP55, yaani vumbi na matone ya maji haviiingii ovyo. Vumbi la mbao si mchezo, mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na likiwa laini na jingi hewani laweza kushika moto. Feni hii inakutolea joto na sehemu ya vumbi pamoja, ndo maana naipa nafasi ya kwanza bila kusita. Barakoa usiiache lakini, feni haichukui nafasi yake.

Ya pili ni feni kubwa ya ukutani au ya kusimama, zile za karakana zenye panga za chuma, wati 100 hadi 250 hivi. Hii haipoozi hewa hata digrii moja, kazi yake ni kukausha jasho mwilini, na mwili ukipoteza jasho ndo unapoa. Kwa mtu aliyesimama benchi moja siku nzima inatosha sana. Mimi napendelea ya ukutani manake ya kusimama inajikwaa na waya na mbao ndefu. Izime ukipaka vanishi la sivyo vumbi lote la sakafuni litakuja kulala juu ya kazi yako mbichi. Ikianza kuzunguka polepole baada ya muda usikimbilie kununua nyingine, mara nyingi ni kapasita, kile kidude cha stima kinachosaidia mota kuzunguka, fundi wa stima anaibadilisha kwa pesa kidogo.

Tatu, ile kofia ya bati inayozunguka juu ya paa kwa upepo. Haili stima hata kidogo na stima ikipotea yenyewe inaendelea. Shida ni kwamba ule wakati wa shwari, baina ya kaskazi na kusi, ndo joto limezidi na ndo nayo inazunguka kwa uvivu. Iwe nyongeza tu.

Feni ya dari naiweka ya nne. Nyumbani ni tamu, wati 50 hadi 75 tu, lakini karakanani ukigeuza ubao wa futi 12 utaigonga, na ikiwa chini ya mabati yasiyo na dari inakusukumia lile joto la juu likushukie.

AC ni ya tano. Hesabu ya tokeni kwanza: ya BTU 12,000 (hicho ni kipimo cha nguvu ya kupoza) isiyo ya inveta, yaani isiyojipunguza kasi yenyewe, inakula kama kilowati moja na kidogo, ukiiwasha saa 8 mfululizo ni uniti 8 au 9, wakati feni ya wati 200 saa hizo hizo ni uniti moja na nusu. Halafu inataka chumba kilichofungwa, na wewe karakana lazima ifunguliwe vumbi litoke. Vumbi laziba chujio, chumvi ya bahari inakula yale mapezi ya aluminiamu ya mashine ya nje. Na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: AC inakausha hewa. Mbao kwenye hewa yetu ya pwani hutulia kwenye unyevu wa kama asilimia 14 au 15, ndani ya chumba cha AC hushuka hadi 10 hivi. Ukitengeneza droo kwenye AC kisha ukaipeleka nyumba ya mtaa wa Barani hapa Malindi yenye madirisha wazi, itafura na itakwama. Kinyume chake, kama kazi yako ni ya mahoteli yenye AC kule Casuarina, basi chumba kidogo cha AC cha kukaushia mbao na kuungia kina maana kabisa. Hapo nunua ya inveta, uliza kama mapezi ya nje yamepakwa dawa ya kuzuia kutu, ioshe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi mara kwa mara, na uweke gadi ya stima, kile kifaa cha kuilinda stima ikipanda na kushuka. AC ya magurudumu yenye bomba moja usiguse, inatoa hewa nje na hewa hiyo lazima irudi kutoka kwingine, yaani inakuvutia joto la nje ndani.

Wa Lamu, ninyi ongezeni gharama ya boti kutoka Mokowe na punda hadi mlangoni, na mjue mashine ya nje ya AC ni nzito na fundi wa kujaza gesi hapatikani kila siku. Feni unaibeba mwenyewe.

Ya mwisho kabisa ni kile kipoza hewa cha maji, kile unachojaza maji na barafu. Garissa au Lodwar kinafanya kazi vizuri manake hewa ni kavu na maji yanageuka mvuke haraka. Hapa hewa ishashiba unyevu, maji hayakauki, unachopata ni fukuto, msumeno ushike kutu na vanishi ing'are vibaya ikiwa na ukungu mweupe. Wauzaji wanakisifu kwa sababu bei yake ni rahisi kuliko AC na kinatoa upepo wa baridi pale dukani palipo na AC tayari. Ukisisitiza kukijaribu, omba wakiwashie nje ya duka, kwenye baraza, saa nane mchana, usimame mbele yake robo saa.