Mwezi wangu mmoja na The Adept ya Lord Spikeheart, hapa Tanga

Mara ya kwanza nilipoifungulia The Adept kwenye sabufa, mama mwenye nyumba alikuja akasimama mlangoni kwangu, ungo wa mchele mkononi. Nikapunguza sauti haraka, nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo anayelia kafiwa?"

Nikamwambia ndiyo, kafiwa na bibi yake.

"Basi mwache alie," akasema, akarudi uani kupeta mchele wake.

Tangu siku hiyo nimeisikiliza albamu hii karibu kila usiku, na sijamsikia mtu aliyeieleza vizuri kuliko yeye.

Kwa asiyemjua, Lord Spikeheart ni Mkenya, jina lake Martin Khanja. Wengi tulimfahamu kupitia Duma, kundi la watu wawili, yeye kwenye sauti na Sam Karugu kwenye gitaa na mitambo. Wote wawili walilelewa na bendi za metali za Nairobi, ule muziki wa roki wa magitaa mazito na sauti za ngurumo: walitokea kwenye bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Albamu yao iliyobeba jina la kundi ilitoka Agosti 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo ileile ambayo mwaka 2017 iliwapeleka vijana wa singeli wa Dar es Salaam kwenye masikio ya Ulaya. Sisi tukisikia duma tunamwona mnyama wa madoadoa anayewashinda wote kwa mbio. Kwao, kwa Kikuyu, ni giza. Mimi nilizibeba maana zote mbili, kwa sababu muziki ule ulikuwa giza linalokimbia.

The Adept ni albamu yake ya kwanza akiwa peke yake. Ilitoka Aprili 2024 kwenye lebo aliyoianzisha mwenyewe, Haekalu Records. Mimi nimechelewa, nimeinunua mwezi uliopita kwenye Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, kwa kadi ya mtandaoni ya simu. Malipo yalipita bila shida. Nikashusha mafaili ya FLAC, yale mazito yasiyopunguzwa ubora, na bando langu la wiki likaisha jioni hiyohiyo. Ukiwa na bando dogo chukua mafaili mepesi ya MP3, yale ya kiwango cha 320 kbps, hutapoteza kitu cha kukunyima usingizi.

Kilichonipotezea siku tatu ni hedifoni. Nilinunua mpya kwenye duka moja mjini, nikaambiwa ni za kazi nzito. Zilikuwa zimejazwa besi kupita kiasi, kila kitu kikawa uji: ngoma uji, sauti uji, hata ukimya kati ya wimbo na wimbo ukawa na ukungu. Nusura niandike kwamba albamu imerekodiwa vibaya. Nikaziweka kando, nikarudi kwenye zile za zamani za waya, na hapo ndipo nikamsikia mtu.

Nianze na koo la Khanja, maana ndilo albamu yenyewe. Kuna sauti ya juu, kali, kama bati linalokatwa kwa msumeno, na kuna sauti ya chini inayotoka chini ya kifua. Ngurumo ya namna hii watu hudhani ni kupiga kelele tu hadi koo lichanike. Sivyo. Juu ya nyuzi zenyewe za sauti kuna mikunjo mingine ya nyama, na mwimbaji wa metali aliyejifunza huitikisa ile, kisha anasukuma pumzi kutoka tumboni kwa kipimo. Asiyejua hupoteza sauti kwa usiku mmoja. Khanja anahama kutoka koo la juu kwenda la chini katikati ya mstari, bila kuvuta hewa unayoweza kuisikia, na kila anapohama hisia inageuka: juu anaomba, chini anaapa. Ziko sehemu ananong'ona, na mimi naziogopa hizo kuliko makelele, kwa sababu unajua kinachokuja.

Halafu ngoma. Nyingi humu ni za kompyuta, si za mtu aliyekaa kwenye drumu, na anayetafuta bendi ya magitaa mawili na besi ajue mapema kwamba hapa hataipata. Ni metali iliyooana na muziki wa mitambo na mdundo wa kufokafoka. Kasi yake ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Singeli hupita mapigo 200 kwa dakika na nyingine hukaribia 300, na mtoto wa uswahilini anaicheza bila kuhema. Masikio yetu yamekwisha kufundishwa kasi. Rafiki zangu wanaosema metali inawachanganya ni haohao wanaokesha kwenye vigodoro.

Sabufa yangu ilikuwa inakoroma kwenye besi, nikaifunga nyuma ya baiskeli nikaipeleka kwa fundi mmoja Ngamiani. Akaifungua, akanionyesha lile duara la sponji linaloizunguka karatasi ya spika: limeoza, limekatika robo nzima, chumvi ya bahari imelila. Akalibadilisha, akapaka gundi, tukasubiri ikauke. Kisha akailaza spika ikatazama juu, akatia punje chache za mchele ndani ya karatasi, akaweka singeli aliyokuwa nayo kwenye simu. Punje zikaruka moja moja, ukiweza kuzihesabu wewe ni hodari, lakini zilikuwa zinaruka na kutua. Akaniambia, "Lete na hiyo yako." Nikaweka The Adept, sehemu ya kasi. Punje hazikutua. Zilisimama hewani kiasi cha unene wa kucha, zikatetemeka palepale, halafu zote zikaanza kuzunguka ukingoni kama maji yanayochemka pembeni mwa sufuria. Besi ilipoingia zikarushwa nje zote. Fundi aliinamia mpaka pua ikakaribia karatasi. Tulirudia mara nne.

Ninachoambiwa mara nyingi ni kwamba huu si muziki wetu. Nalijibu hili kwa moyo wote kwa sababu linaniuma. Hadikoo yenyewe, mzizi mmoja wa muziki huu, ile roki ya panki iliyoongezwa kasi na hasira kule Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, moja ya bendi zilizoisimamisha ni Bad Brains ya Washington: vijana weusi wanne waliotokea kwenye jazi, waliokuwa wakipiga rege katikati ya nyimbo za kasi. Graindikoo, mchanganyiko wa hadikoo na metali wenye kasi kupindukia, ilishika moto Uingereza, na Napalm Death ya Birmingham ilipotoa Scum mwaka 1987 ndani yake mlikuwa na wimbo wa sekunde moja na kidogo tu. Sepultura ya Brazil ilikwenda kurekodi na Waxavante kwa ajili ya Roots ya mwaka 1996. Kila ulipofika, muziki huu umekula chakula cha mahali hapo.

Na sisi wa Tanga ndio wa mwisho kuruhusiwa kusema muziki una mwenyewe. Taarabu ilikuja pwani ikiwa na udi na fidla na harufu ya Misri. Ilipofika hapa, Black Star na baadaye Lucky Star waliitia gitaa la umeme na besi, wakaipa mwendo wa ngoma, na sauti ya Shakila ikavuka mipaka ikiwa imevaa mavazi hayo mapya. Mji huuhuu ukawa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz wakipiga dansi. Hakuna leo anayesema taarabu ya Tanga si ya Tanga kwa sababu gitaa lilitoka ng'ambo.

Sasa nifike kwa bibi. Khanja ameitunuku albamu hii kwa Muthoni wa Kirima, anayemtaja kuwa bibi yake mkuu. Huyu ndiye mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau. Dedan Kimathi alimwita mnana, yule ndege fundi wa kusuka viota, kwa uhodari wake wa kusuka mipango. Alikaa msituni hadi Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, na nywele zake za msituni aliziacha zikue miaka na miaka, zikakatwa mwaka 2022. Alifariki Septemba 2023 akiwa na miaka 92. Nilipojua haya nikaianza albamu upya kuanzia wimbo wa kwanza, na ngurumo zile zikabadilika masikioni mwangu.

Bibi yangu hakubeba bunduki. Alichambua singa za mkonge, akalea watoto saba na wajukuu wasiohesabika, na tulipomzika niliambiwa kama wote tulivyoambiwa, msimlilie kwa sauti, mnamsumbua maiti. Naliheshimu hilo, ni katika adabu tuliyolelewa nayo. Lakini kilio kile kilibaki ndani miaka sita. Usiku mmoja mwezi uliopita nilipanda baiskeli nikaenda hadi Raskazone, nikakaa ukutani maji yakiwa yamejaa, hedifoni masikioni, nikaisikiliza albamu yote bila kuruka wimbo. Khanja alilia kwa niaba yangu. Sijui kulisema vingine. Niliporudi nililala hadi alfajiri ikaadhiniwa nami sikusikia, jambo ambalo halijanitokea muda mrefu.

Kasoro zipo na nitazisema. Wageni ni wengi mno. Backxwash, yule rapa mzaliwa wa Zambia anayeishi Montreal, aliyeshinda tuzo ya Polaris ya Kanada mwaka 2020, anastahili kila sekunde aliyopewa, anafoka kama mtu anayesoma hati ya mashtaka. Lakini kuna mahali katikati ya albamu ambapo watayarishaji wanapishana kama wapangaji, kila mmoja na samani zake, na mimi naanza kumtafuta mwenye nyumba. Ningepunguza nyimbo mbili, labda tatu. La pili ni maneno. Sisi tumekuzwa na mashairi, tunasikiliza taarabu kwa ajili ya mafumbo yake, na hapa sehemu kubwa ya maneno hayashikiki hata ukiongeza sauti. Najua ngurumo ndiyo lugha ya muziki huu. Bado nilitamani angeniachia japo beti mbili wazi, nijue anamwambia nini yule bibi.

Na usiisikilize kwenye spika ya simu. Utasikia kwaruzo tu, utaichukia, na utakuwa umeionea.

Ukiniuliza kati ya hii na ile ya Duma uanze na ipi, anza na Duma. Ni ya watu wawili wanaojuana, inakwenda moja kwa moja kama kisu. The Adept ni pana zaidi na ina huzuni zaidi, na ndiyo ninayoirudia. Naipa nne na nusu kati ya tano, ile nusu nimeizuia kwa sababu ya zile nyimbo za katikati.

Jumapili iliyopita baba alikuja kutoka Muheza kunitembelea. Baba alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, zaidi ya miaka ishirini, na masikio yake yamebaki hukohuko. Ukitaka akusikie usimame mbele yake. Sikukusudia kumwekea. Alikuta sabufa inawaka, akaona karatasi ya spika inacheza, akavuta kigoda akakaa karibu na kuweka kiganja chote juu ya boksi, kama tunavyompima mtoto homa. Nilitaka kuzima. Akanikataza kwa mkono wa pili.

Akakaa hivyo wimbo mzima. Besi ilipokuwa nzito akasema, "Hapa inakula." Ngoma zilipobaki peke yake, kali na nyembamba, akatikisa kichwa. "Hapa inazunguka bure. Mlishaji kachelewa kutia majani." Koo la chini la Khanja likarudi pamoja na besi, na baba akafumba macho, kiganja palepale.

Wimbo ulipokwisha akaniambia nirudishe pale ilipokuwa inakula.