Uzoefu wangu na Tux Typing: watoto watatu, kompyuta moja

Nina wa miaka 6, wa 9 na wa 13, na wote walikuwa wanataipu kwa vidole viwili kama kuku anadonoa. Nikaweka Tux Typing, programu ya kompyuta ya kujifunzia kutaipu kwa michezo, ni ya bure na ukishaiweka haihitaji intaneti, mwezi wa tatu sasa tunaitumia.

Wa 6 alinasa siku ileile kwa ule mchezo wa samaki, samaki wanashuka na herufi, ukibonyeza herufi yake pengwini anammeza. Huyu sikumdai vidole kumi, vyenyewe bado vifupi, nilitaka tu ajue herufi ziko wapi basi. Dakika 10 zinamtosha, ukizidisha anaanza kupiga kibodi kama ngoma.

Wa 9 ndo kanitoa jasho. Pointi anapata kibao, mi nachekelea, kumbe jamaa anachungulia kibodi na vidole ni vilevile viwili! Programu za hivi zinajua umebonyeza nini, hazijui umebonyeza kwa kidole kipi, kwa hiyo usimwachie kompyuta ukaenda zako ukidhani anafundishwa. Nikamfunika mikono kwa taulo, akanuna weee, nikamwambia apapase vile vinundu kwenye F na J aweke vidole vya shahada hapo, wiki ya pili taulo tukaitupa.

Mkubwa alisema hii ya watoto. Kilichomrudisha ni kwamba unaweza kuingiza orodha yako ya maneno, nikampa kazi awatungie wadogo zake maneno ya Kiswahili. Hapo ndo nikashtuka: Kiswahili kimejaa a kila kona, na A iko chini ya kidole cha mwisho cha kushoto, kidole kivivu kuliko vyote, wakati Q na X tulizozisotea kwenye orodha ya Kiingereza hatuna kazi nazo kabisa. Akaweka kata, panda, sahani, halafu akawatupia neno "wanaandamana" kuwakomoa tu. Wamepiga kelele lakini hicho kidole sasa kinatembea.

Mkubwa mwenyewe alianza na maneno 14 kwa dakika, leo yuko 31. Mimi mwalimu niko 28, msiniulize zaidi.