Uzoefu wangu: vitabu vya anga, fizikia, maamuzi na utamaduni wa kisasa kwenye kifaa cha inchi 6

Ninachokipima hapa ni kile kifaa cha kawaida cha kusomea vitabu: kioo cha inchi 6, wino wa kielektroniki, pikseli 300 kwa inchi, madaraja 16 ya kijivu kutoka nyeusi hadi nyeupe, na taa ya mbele. Kwa maandishi matupu sina neno. Yanasomeka juani na gizani, na macho hayachoki. Lakini vitabu ninavyovisomea humo ni vya mafungu manne, yaani anga, fizikia, namna watu wanavyofanya maamuzi, na utamaduni wa kisasa wa filamu, muziki na vibonzo, na kila fungu linakipima kifaa kwa namna yake. Naanza na fizikia, maana huko ndiko mnunuzi anakoweza kupotoshwa asijue.

Kasoro kubwa kwenye vitabu vya fizikia vya kidijitali ni kuanguka kwa vipeo. Kitabu cha karatasi kinapopigwa picha na mashine kisha kugeuzwa maandishi, ile tarakimu ndogo iliyopanda juu hushuka na kukaa mstari mmoja na wenzake. Mwendo wa nuru, ambao ni takribani mita 3 × 10⁸ kwa sekunde, unaandikwa "3 × 108". Ukizidisha unapata 324. Sauti hewani, kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, husafiri takribani mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo faili hilo limekwambia kwamba nuru hushindwa mbio na sauti. Tungamo la Jua, kilo 2 × 10³⁰, linakuwa "2 × 1030", yaani kilo 2,060, ambazo ni za gari moja kubwa. Kwenye konstanti ya Planck, namba ya msingi katika fizikia ya chembe ndogo, mambo ni mabaya zaidi, kwa kuwa 6.63 × 10⁻³⁴ hugeuka "6.63 × 10-34" na msomaji mgeni hudhani ni hesabu ya kutoa.

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna dalili ya uharibifu. Tahajia iko sawa na sentensi inatiririka. Ndani ya faili kipeo ni tarakimu ya kawaida iliyotiwa alama ya kupandishwa. Alama ikipotea, tarakimu hubaki pale pale. Anayeijua fizikia huirekebisha kichwani bila hata kugundua kwamba amerekebisha, kama wote tufanyavyo tukiona "E = mc2". Anayejifunza ndiye anayebeba namba ya uongo.

Kulikagua faili huchukua dakika mbili. Fungua sehemu ya kutafuta, andika 108, kisha 1030, kisha 10-34 au 1034. Hata faili zuri litaleta majibu, kwa sababu kitafutaji hakijali kama tarakimu imepanda au la, kwa hiyo usiishie kwenye orodha: gusa jibu moja moja uone ukurasa wenyewe. Ukikuta vipeo vitatu vya kwanza vimeanguka, huenda vingine navyo vimeanguka. Angalia pia herufi za Kigiriki. λ ya urefu wa wimbi ikiwa imegeuka "X" au "A", na ν ya marudio imegeuka "v" ya mwendo, faili hilo halifai, na hapo mimi hudai kurudishiwa pesa badala ya kulivumilia.

Kasoro ya pili haina hila kama hiyo lakini inakera kila siku: milinganyo iliyowekwa kama picha. Ukikuza herufi, maneno yanakua ila mlinganyo unabaki mdogo kama ulivyokuwa. Ukiwasha hali ya giza, picha isiyo na mandharinyuma hupotea kabisa, wino mweusi juu ya kioo cheusi, na yenye mandharinyuma hubaki kisanduku cheupe kinachochoma macho. Gusa mlinganyo na ushikilie. Kama unafunguka peke yake na kukuzika bila kingo kuchakaa, mchapishaji amefanya kazi yake. Ukikuzika na kuwa vijiwe vya mraba, ni picha ndogo iliyobanwa, na huna la kufanya zaidi ya kurudisha herufi kwenye ukubwa unaolingana nayo na kuacha hali ya giza kwa kitabu hicho.

Wengi hukimbilia PDF wakidhani wameponea huko. Ni kweli kwamba PDF huhifadhi vipeo, herufi na michoro kama vilivyochapwa, lakini ukubwa ndio unaokataa. Kioo cha inchi 6 kina upana wa karibu sentimita 9. Ukurasa wa kitabu wenye upana wa sentimita 15 ukibanwa humo, herufi ya pointi 10 inakuwa ya pointi 6, sawa na maandishi ya kwenye boksi la dawa, na vipeo vyake havisomeki kabisa. Kata pambizo kwanza. Kama maandishi yenyewe yana upana wa sentimita 11, unapata pointi 8. Geuza kifaa kilale na upana unafika sentimita 12, herufi zinarudi ukubwa wake, ila ukurasa mmoja unausoma kwa vipande viwili au vitatu, na mchoro mrefu unakatwa katikati. Kwa PDF za fizikia kioo kinachostahili ni cha inchi 10 kwenda juu. Hapo ndipo ukurasa mzima unaingia bila ujanja.

Kwenye vitabu vya anga shida ni rangi, na ni vyema kutofautisha rangi ya pambo na rangi iliyobeba habari. Mchoro wa Hertzsprung-Russell, unaopanga nyota kwa joto na mng'ao, hupakwa buluu upande wa kushoto na nyekundu upande wa kulia. Kwenye kijivu rangi zinapotea lakini mchoro haufi, kwa sababu joto limeandikwa kwenye mhimili: nyota nyekundu Betelgeuse ipo kulia karibu na Kelvini 3,500, Jua karibu na 5,800, na nyota za buluu ziko kushoto kabisa, maana mhimili huo huenda kinyume, joto likipungua kuelekea kulia. Spektra, yaani nuru ya nyota iliyotawanywa kwa urefu wa wimbi, nazo zinanusurika. Mstari wa haidrojeni kwenye nanomita 656 unatambulika kwa mahali ulipo. Kuwa kwake mwekundu ni nyongeza tu.

Ramani ya mnururisho uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga haina bahati hiyo. Joto lake la wastani ni Kelvini 2.725, na tofauti kati ya sehemu na sehemu ni karibu moja kwa 100,000. Tofauti hizo ndizo habari yote iliyomo: nyekundu ni joto kidogo zaidi, buluu ni baridi kidogo zaidi. Kifaa kinapogeuza rangi kuwa kijivu hutazama ung'avu tu, na nyekundu iliyokolea na buluu iliyokolea zina ung'avu unaokaribiana. Sehemu zenye joto kuliko zote na zenye baridi kuliko zote huishia kijivu kile kile kizito. Unatazama ramani ambayo mlima na bonde vina alama moja. Sioni maelezo ya mwandishi, hata yawe mazuri kiasi gani, yanayoweza kuiokoa ramani hiyo.

Picha za nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani, ziko katikati. Ile picha maarufu ya mwaka 1995 ya nguzo za gesi katika Nebula ya Tai, iliyopigwa na darubini ya Hubble, ilipangwa hivi: salfa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Kwenye kijivu umbo la nguzo linapendeza bado, ila kemia imefutika. Kitabu kikisema "tazama oksijeni inavyozunguka ukingo", huna cha kutazama.

Vioo vya wino vya rangi vipo, ila vijue vilivyo kabla ya kulipa. Maandishi meusi hubaki pikseli 300 kwa inchi, rangi hushuka hadi 150, na kichujio cha rangi hufanya kioo kizima kiwe na weusi kidogo, hivyo taa unaiwasha hata mchana. Rangi zenyewe ni za kufifia. Kwa ramani na grafu zinatosha, kwani unachotaka ni kutofautisha nyekundu na buluu. Kwa picha za anga hazitoshi, na hapo nasema bila kusita: nunua karatasi, toleo kubwa lenye kurasa nyororo.

Kwenye vitabu vya maamuzi kifaa hiki kinang'aa, kuliko karatasi na kuliko sauti. Vitabu hivi huishi kwa maswali. Mwandishi anauliza, unapaswa kujibu kwanza, kisha unaonyeshwa kosa lako. Kwenye karatasi jicho huliona jibu aya mbili chini. Kwenye kioo kidogo jibu mara nyingi limejificha ukurasa unaofuata, na ukikuza herufi daraja moja au mbili unalificha kwa makusudi.

Kwenye kitabu cha sauti ndipo mambo yanapoharibika. Chukua swali la aina hii: mtu 1 kati ya 100 ana ugonjwa fulani, kipimo hugundua asilimia 90 ya wagonjwa, na huwasingizia asilimia 9 ya wazima. Umeambiwa unao, uwezekano kwamba unao kweli ni kiasi gani? Njia nyepesi ni kuwaza watu 1,000. Wagonjwa 10, kati yao 9 wanagunduliwa. Wazima 990, kati yao 89 wanasingiziwa. Walioambiwa wanao ni 98, wagonjwa wa kweli 9, jibu ni karibu asilimia 9. Ukiisoma unaweza kurudi nyuma mara tatu. Ukiisikiliza, namba ya tano inapofika ya kwanza imeshasahaulika, na msomaji wa sauti hakupi nafasi ya kukosea, na bila kukosea kwanza swali halina faida. Ukilazimika kusikiliza, usizidishe mwendo wa 1.0 kwenye sura zenye namba, na simamisha mara usikiapo swali.

Michoro yao nayo ni rafiki wa kijivu. Mkunjo wa thamani uliotolewa mwaka 1979 na wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky, ule unaoporomoka upande wa hasara kwa ukali kuliko unavyopanda upande wa faida, ni mstari mmoja mweusi na mihimili miwili. Angalizo ni majedwali mapana: jedwali lenye safu zaidi ya nne hukatwa ukingoni, na tofauti na picha, mara nyingi halikuziki. Laza kifaa na punguza herufi.

Vitabu vya utamaduni wa kisasa havina mengi. Maandishi ni ya kawaida, na tanbihi, ambazo huwa nyingi, hufunguka kwa kugusa badala ya kukupeleka mwisho wa kitabu. Kinachokosekana ni picha: haki za picha za toleo la karatasi si lazima zihusishe toleo la kidijitali, kwa hiyo utakuta maelezo ya picha bila picha. Vibonzo vilivyochorwa kurasa mbili kwa pamoja hukatwa katikati, usivisomee humu.

Jambo moja linayahusu mafungu yote: sampuli ya bure na tarehe. Sampuli hutoa mwanzo wa kitabu, na mwanzo ni dibaji, shukrani na sura ya kwanza isiyo na mlinganyo wala ramani. Haikuonyeshi chochote kati ya nilivyotaja, kwa hiyo jua muda wa kurudisha kitabu na ufanye ukaguzi wako ndani ya muda huo. Tarehe inayoonyeshwa dukani nayo huweza kuwa ya kutolewa kwa faili, si ya kuandikwa kwa kitabu. Tafuta ndani. Pluto ikiwa ni sayari ya tisa, maandishi ni ya kabla ya Agosti 2006. Chembe ya Higgs ikiwa "inatarajiwa", ni ya kabla ya Julai 2012. Mawimbi ya mvutano yakiwa bado hayajanaswa, ni ya kabla ya Februari 2016. Kilo ikiwa bado ni kipande cha metali kilichofungiwa Ufaransa, ni ya kabla ya Mei 2019.

Kwa vitabu vya maamuzi kigezo ni kingine. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilirudia tafiti 100 za saikolojia, na takribani asilimia 36 tu ya marudio ndiyo yaliyotoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Zile simulizi za watu kutembea polepole kwa sababu wamesoma maneno ya uzee zilitikiswa sana, na Kahneman mwenyewe alikubali mwaka 2017 kwamba alizitegemea mno tafiti za sampuli ndogo. Tafuta kama kitabu kinataja suala la kurudiwa kwa tafiti. Kama hakitaji, sura za namna hiyo zisome kwa mashaka, ila zile za uwezekano na makadirio bado zimesimama.

Mwisho ni mpangilio mmoja ambao kwa vitabu vyenye michoro hubadilisha mengi: weka kioo kijisafishe kila ukurasa badala ya kila baada ya kurasa kadhaa. Betri itaisha mapema kidogo, lakini kivuli cha grafu iliyopita hakitabaki nyuma ya mlinganyo unaofuata.