Nilivyopimwa TB na panya: uzoefu wangu

Nikisema TB yangu iligunduliwa na panya, watu hucheka kwanza, halafu wanauliza kama alinipanda kifuani. Hapana jamani. Panya mwenyewe sikumwona. Alichonusa ni makohozi yangu, tena mimi nikiwa cherehanini sina habari.

Mimi ni fundi nguo, Mbagala. Kikohozi kilipoanza nikasingizia vumbi la vitambaa, maana mafundi wote tunakohoa kidogo. Duka la dawa wakanipa Amoksilini nikamaliza dozi, niliporudi wakanipa ya chupa. Wiki ya tano mkanda wa suruali ulikuwa umeongezwa matundu mawili, na shuka langu alfajiri ungeweza kulikamua. Dada yangu ndiye aliyenikokota hadi zahanati.

Zahanati yenyewe siitaji jina. Kipimo ni bure, hilo niliseme mapema. Unatoa makohozi mara mbili, mara ya kwanza palepale na ya pili ya alfajiri unakuja nayo kutoka nyumbani. Kutoa makohozi kuna ufundi wake na hakuna aliyenieleza. Unavuta pumzi ndefu mara mbili tatu, ndipo unakohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Mimi kopo la kwanza nilijaza mate matupu. Halafu jamaa wa dirishani akaita ukumbi mzima ukisikia, "Wa makohozi nani?" Huduma naipa nyota hadi tano, na moja imeondoka hapo hapo.

Majibu yakaja: hasi. Nikaandikiwa dawa nyingine ya kikohozi, nikatoka mwepesi kama mtu aliyefutiwa deni.

Ambacho hawakuniambia ni kwamba makohozi yangu hayakumwagwa. Zahanati ile hupeleka sampuli zake APOPO, shirika alilolianzisha Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997 na ambalo makao yake yako Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Hao ndio wanaofundisha panya buku kunusa. Walianza na mabomu ya kutegwa ardhini, TB ikafuata. Makohozi hupashwa moto kwanza ili kuua vimelea, kisha vikopo hupangwa kwa mstari chini ya matundu, na panya anapita akinusa kimoja kimoja. Akikuta harufu ya TB anaganda hapo sekunde chache na kukwaruza. Panya mmoja anamaliza sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo mtu mwenye darubini anaweza kukaa nayo siku nne. Kopo alilolikwaruza halichukuliwi kuwa jibu, linarudiwa maabara kwanza. Langu lilirudiwa, likathibitishwa.

Sasa hapo kati ndipo nilipotaka kufia. Wiki ile ile nilikuwa nimeibiwa simu kwenye daladala, nikasajili laini mpya. Zahanati wakapiga ile ya zamani, haipatikani. Wakapiga tena, basi. Panya alinipata, zahanati ikashindwa kunipata. Siku 11 nilikaa kibandani nakohoa, wateja wananipa vipimo vya kiuno uso kwa uso, na jioni nampakata mtoto wa dada yangu wa miaka mitatu.

Siku ya 12 akaja mama mmoja wa makamo na kitenge mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza bei ya kushona gauni. Kulikuwa na wateja wawili. Akasubiri. Akakikunjua kitenge, akakikunja, akauliza habari za zipu. Wateja walipoondoka akavuta stuli, akasema polepole, "Mwanangu, mimi siyo wa gauni. Natoka zahanati. Majibu yako yamebadilika, na dawa zipo." Alikuwa mhudumu wa kujitolea. Yeye mwenyewe aliwahi kuugua TB, akapona. Alikuwa na jina langu tu na neno "fundi", akaulizia kibanda hadi kibanda. (Gauni nililishona baadaye. Hela alikataa kurudishiwa.)

Nilimuuliza mbona mwanzo waliniambia sina. Akanieleza, na nesi wa kitengo cha TB akarudia: darubini inataka vimelea kama 10,000 kwenye mililita moja ya makohozi ndipo mtu avione. Ukiwa navyo vichache, au umetoa mate kama mimi, darubini inapita juu yako. Mashine ya GeneXpert inaona vichache zaidi, tena ndani ya saa mbili inakwambia kama vimelea ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, jambo ambalo panya hawezi. Lakini zahanati yetu haina hiyo mashine, kwa hiyo kwa mtu wa hali yangu panya ndiye jicho la pili.

Dawa zenyewe ni bure, miezi sita. Miwili ya mwanzo unameza dawa nne ndani ya kidonge kimoja, minne inayobaki dawa mbili. Siku ya kwanza mkojo ulitoka rangi ya Fanta nikapiga kelele chooni. Bahati mbaya hilo nalo hawakuwa wamenitahadharisha. Mwezi wa pili kikohozi kilikuwa kimekwisha, na hapo ndipo shetani anakuambia acha. Yule mama alikuwa akipita kila wiki kuhesabu vidonge. Mtoto alipimwa, hana, wakamwanzishia vidonge vya kinga.

Nilipomaliza dozi nilikuwa na safari ya Morogoro, nikapita kuwaona hao panya. Ni wakubwa kama paka mdogo, mashavu yamejaa, mkia mrefu wenye ncha nyeupe. Yule niliyeonyeshwa alipopatia alilambishwa chakula kutoka kwenye bomba la sindano, akalishika kwa mikono miwili kama mtoto na chupa ya maziwa. Nilitamani nimwambie asante, nikaona aibu mbele ya wageni.

Kwa hiyo nyota: panya tano, dawa tano, yule mama nisingejua nimpe ngapi, dirisha la maabara mbili. Ukienda, nenda asubuhi mapema, na ukiambiwa hasi huku bado unakohoa, waulize sampuli yako inapelekwa wapi na majibu ya pili utayajuaje. Mimi siku ya kumalizia nilimwomba nesi abadilishe namba yangu. Daftari lina chumba cha namba moja tu. Ya dada yangu akaiandika pembeni, kwa penseli.