Tamasha la miaka 70 ya Mandela, nililolitazama Tabora: uzoefu wangu

Jumamosi iliyopita nililipa kiingilio cha shilingi 2,000 katika ukumbi mmoja wa Kanyenye, hapa Tabora, ili kutazama rekodi ya tamasha lililofanyika katika uwanja wa Wembley, London, tarehe 11 Juni 1988, kwa heshima ya Nelson Mandela kutimiza miaka 70. Waandaaji walitangaza kwamba mapato yote yatanunulia madaftari wanafunzi wa shule ya msingi ya jirani. Wazo hilo lilinivutia kuliko hata muziki, kwa sababu mapato ya Wembley nayo yaligawanywa kati ya harakati za kupinga ubaguzi wa rangi na mashirika ya kuhudumia watoto kusini mwa Afrika.

Nilifuatana na mjomba wangu, mstaafu wa reli. Mwaka 1988 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni, kwa hiyo wakati tamasha hilo likirushwa katika nchi zaidi ya 60, yeye alikuwa zamu stesheni na habari za Mandela alizipata kwa redio tu.

Jambo linalolitofautisha tamasha hili na sherehe nyingine za kuwaenzi wazee ni kwamba mwenye siku yake hakuwapo. Mandela alikuwa gerezani Pollsmoor, na kwa kuwa picha za wafungwa zilipigwa marufuku, hakuna hata mmoja kati ya watu zaidi ya 70,000 waliojaa uwanjani aliyejua sura yake ya wakati huo. Picha zilizosambazwa zilikuwa za enzi za ujana wake, kabla hajafungwa. Nilipolifikiria hilo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, niliuona umati ule kwa jicho jingine: watu wanamwimbia mzee ambaye wangeweza kupishana naye barabarani wasimtambue.

Sehemu ambayo ningelipa kiingilio mara mbili kuiona ni ya Tracy Chapman, mwimbaji wa Marekani. Alikuwa na miaka 24, albamu yake ya kwanza ilikuwa imetoka miezi miwili tu kabla, naye alikwisha kuimba mapema siku hiyo. Jioni, Stevie Wonder alipokuwa karibu kupanda jukwaani, ilibainika kwamba diski yenye sauti za kinanda chake haionekani, akaondoka kwa uchungu. Ndipo Chapman akaombwa arudi kuziba pengo. Alisimama peke yake na gitaa, bila bendi wala mpiga ngoma, mbele ya bahari ya watu waliokuwa wakimsubiri mtu mwingine, akaanza kuimba taratibu, kichwa kimeinama kidogo, kama anayeimbia sebuleni kwao. Kelele za uwanja zilipungua kidogo kidogo.

“Mpwa wangu, huyu si tulimwona mchana?” mjomba aliniuliza.

“Ndiye, mjomba. Amerudishwa.”

Hakusema tena neno mpaka wimbo ulipokwisha. Wiki chache baada ya siku ile, albamu ya msichana huyo ilikuwa ikiongoza kwa mauzo Uingereza. Stevie Wonder naye alirejea baadaye usiku huo akaimba.

Miriam Makeba na Hugh Masekela, wanamuziki wa Afrika Kusini waliokuwa uhamishoni kwa miaka mingi, walipotokea pamoja, wazee wa ukumbini walipiga makofi kana kwamba wameingia mlangoni. Wasanii wa roki wa Uingereza sikuwafuatilia sana, ingawa vijana waliokaa nyuma yangu waliwafurahia.

Lawama yangu kubwa ni kwa aliyetayarisha nakala tuliyoonyeshwa. Tamasha lenyewe lilichukua takriban saa kumi na moja, hivyo kulifupisha si kosa; lakini hotuba karibu zote zimekatwa, na mtoto asiyejua historia angeondoka akidhani ameona burudani ya kawaida ya siku ya kuzaliwa. Inaniuma zaidi kwa sababu matangazo yaliyorushwa Marekani mwaka huo yalipunguzwa vivyo hivyo, maneno ya siasa yakaondolewa na nyimbo zikabaki. Kuyakata tena hapa, katika nchi iliyowapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini ardhi ya Mazimbu, Morogoro, wajenge shule na kuwafungulia redio ya taifa wazungumze na watu wao, ni kuwanyima watazamaji kile hasa walichostahili kukisikia.

Huduma nyingine ilikuwa nzuri: tulianza kwa wakati, picha ya projekta ilionekana vizuri hata kutoka viti vya nyuma, na hesabu ya kiingilio ilisomwa hadharani kabla hatujatawanyika. Spika ya kushoto ilikoroma kila besi ilipoingia, wairekebishe. Hotuba zikirudishwa na mtu mmoja akapewa kipaza sauti kuzitafsiri kwa Kiswahili, nitarudi na mjomba, na safari hii tutawachukua na wajukuu zake.